Pikapu Iliyokunywa Asali ya Posa

Hili nitakalokusimulia hutaliamini, na mimi sikulaumu. Kathonzweni kuna watu waliokula nyama ya harusi iliyotokana nalo, wakatafuna mpaka mifupa, na bado wanasema ni uongo. Lakini gari lilikuwepo, barabara ipo mpaka leo, na Muthama mwenyewe yu hai, ana meno yake yote isipokuwa mawili. Basi keti, punguza hiyo redio, na usinikatize kama wengine wanavyonikatiza.

Mwaka wa sabini na tatu Muthama alikuwa na miaka ishirini na minane, na mali yake yote hapa duniani ilikuwa pikapu moja, Pijo 404 ya rangi ya maziwa, aliyoinunua kwa mzungu wa mkonge kule Kibwezi aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao. Kwa pikapu hiyo alibeba ndengu, mbaazi, mbuzi, mikeka, wagonjwa, na siku moja kwaya nzima ya kanisa bila kumwacha hata mwenye sauti mbaya. Alitoka Kathonzweni mpaka Kiboko kwenye barabara ya Mombasa, na msimu wa mavuno alipanda mpaka Kyuso, kule juu kabisa kwa Kitui, kuchukua ndengu za wakulima wa huko.

Madereva wa siku hizo walikuwa wanaume wa kelele. Mtu anaruka ndani, anapiga stati, anakanyaga mafuta, vumbi linabaki nyuma likiuliza jina lake. Muthama hakuwa hivyo. Kila asubuhi, kabla ya kugusa ufunguo, alifungua boneti, akachomoa kijiti cha oili, akakipangusa kwa kitambaa, akakirudisha mpaka mwisho, akakichomoa tena polepole na kukiinua kwenye mwanga. Ungedhani anasoma barua kutoka ng'ambo. Kijiti kile kina alama mbili, ya juu na ya chini, na Muthama aliitaka oili ilale karibu na ya juu bila kuipita. Akishaona kimo, aliacha tone moja liteleze mpaka kwenye ncha, akalishika kati ya vidole viwili, akavitenganisha vidole taratibu aone uzi utavutika mpaka wapi.

Hiyo ya uzi hakufundishwa na fundi yeyote. Alifundishwa na baba yake, marehemu Mbuvi, ambaye hakuwahi kupanda hata baiskeli. Mbuvi alikuwa mtu wa mizinga. Alimpeleka mwanawe porini tangu akiwa hajaota meno ya mbele ya pili, na sokoni alimwonyesha namna ya kuijua asali: unachovya kijiti, unakiinua, unatazama. Iliyoongezwa maji inadondoka tone tone, kama mtu anayejilazimisha kulia msibani. Ya kweli inashuka uzi mmoja, na uzi ukifika chini unajikunja juu yake wenyewe kama kamba.

Muthama alipoona oili mpya kwa mara ya kwanza, kijana mkubwa tayari, alidhani ni asali ya mti fulani asioujua. Na moyoni nafikiri hakuwahi kubadilisha mawazo. Oili iliyoingia maji aliijua kwa weupe wake, kama uji. Iliyoingia petroli aliijua kwa uzi, unakatika mapema. Iliyozeeka ilimkwaruza vidole kama mchanga wa mto. Kilomita hakuzihesabu, maana saa ya kilomita ilikufa mikononi mwa yule mzungu. Alikuwa na uzi wa mkonge umening'inia kwenye kioo cha ndani, na kila akienda Kyuso na kurudi aliufunga fundo moja. Mafundo matatu yakitimia, aliimwaga oili injini ikiwa bado na joto, ili itoke na uchafu wake wote, akaweka nyingine. Ile chafu kina mama waliigombea, wakapaka nguzo za nyua mchwa wasizile.

Na akiwa safarini alikuwa na jambo moja lililowatia watu kichaa. Alikuwa anangoja.

"Oili bado iko juu," alisema. "Iacheni iteremke nyumbani."

Kwa sababu injini ikizunguka huitupa oili huku na huku, mpaka kwenye dari lake, na ukichomoa kijiti papo hapo kitakudanganya kwamba imepungua. Inataka dakika kumi, gari likiwa mahali pa tambarare. Abiria walinung'unika, mbuzi walinung'unika, na Muthama aliketi kwenye kivuli cha gari, macho nusu wazi, akiiona. Aliyaona matone yakiacha vilele vya chuma moja moja, kama mbuzi jua likipoa, yakipita vichochoro vyenye joto, yakikutana, yakinyamaza, yakiteremka bila haraka mpaka bondeni, mpaka yote yamelala. Dakika hizo kumi ndizo alizoishi. Kwingine kote alikuwa anaendesha tu.

Oili yake aliinunua Kiboko kwa Wariara. Huyu mama na mumewe Mathenge walitoka Nyeri, wakafungua duka na pampu moja ya petroli kando ya barabara. Alikuwa hodari wa kumwomba Mungu na hodari zaidi wa kuuza.

"Haiya, daktari ameingia!" alisema kila akimwona Muthama. "Leo unataka damu ya namna gani?"

"Namba arobaini, mama."

"Kwani hii thelathini ina ubaya gani? Na hii hamsini? Unazibagua kama wachumba."

"Thelathini ni nyepesi, mama. Jua la mwezi wa tisa litaifanya maji. Hamsini ni nzito, asubuhi inachelewa kupanda, injini inaamka na kiu."

"Basi arobaini iko ya mkebe, na iko ya pipa. Ya pipa ni nafuu, nakupimia."

Muthama akaomba kijiti, akachovya kwenye pipa, akainua. Uzi ulikatika haujafika popote. Akanusa.

"Hii imewahi kutembea, mama."

"Imetembea wapi? Pipa lina miguu?"

"Imetembea ndani ya gari la mtu. Imechujwa, ikarudi sokoni. Nusa. Si kama ugali ulioungua?"

Wariara akanusa. Akanusa tena, sasa uso umebadilika. "Mathenge!" akaita nyuma ya duka. "Mathenge, yule mtu wa lori aliyetuletea pipa, alisema anaitwa nani?" Pipa lote liliishia kwenye nguzo za boma la kuku, na tangu siku hiyo Wariara hakupokea pipa lolote kabla Muthama hajalivutia uzi. Naye Muthama akabaki na mkebe wake uliofungwa kiwandani, ule mkubwa wa bati wenye mshikio. Ukumbuke huo mkebe.

Sasa, msichana. Uliona wapi maisha ya mtu yakaandikwa bila msichana?

Alikuwa Kyuso, jina lake Nzilani, binti wa Mutiso mnunuzi wa ndengu. Yeye ndiye aliyeshika mizani ya baba yake sokoni. Siku ya kwanza alimwona Muthama ameketi kando ya gurudumu, boneti wazi, hafanyi chochote.

"Gari lako limekufa?" akamuuliza.

"Limepumzika."

"Na wewe?"

"Mimi naitazama oili ikiteremka."

Wengine wote wangecheka. Nzilani alichuchumaa hapo kando, akatazama pale Muthama alipokuwa anatazama, yaani hakuna kitu, chuma tu na joto linalocheza juu yake. Akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa imefika wapi?"

Muthama alirudi Kathonzweni na magunia manane ya ndengu, akasahau kuteremsha moja. Kwa msimu mzima dakika zake kumi zilikuwa na mtu mwingine ndani yake, amechuchumaa, anauliza imefika wapi.

Lakini kulikuwa na Mutiso. Mutiso alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa saa ya mfukoni. Madereva hakuwapenda hata kidogo.

"Dereva ni mtu wa njiani," alimwambia Muthama waziwazi. "Anasema Jumamosi, anafika Jumanne na hadithi. Binti yangu hataolewa na hadithi. Mwalimu mmoja wa Migwani ameleta neno, naye nitampa jibu Jumapili baada ya ibada. Wewe ukitaka, mbuzi wa ntheo wafike hapa Jumamosi, jua likiwa halijatua. Likitua, usije. Na pombe sitaki hata kuinusa kwa boma langu. Mtaleta asali mbichi."

Ntheo ni mbuzi watatu. Wakipokewa, msichana ni mke, kwa Mkamba hakuna zaidi ya hapo. Wasipopokewa, rudi nao nyumbani ukawachunge. Kwa hiyo maisha yote ya Muthama yalikuwa yamewekwa kwenye jua moja, la Jumamosi moja.

Syokau, mama yake, aliuchukua mkebe mtupu wa oili, akauchemsha, akausugua kwa majivu siku mbili mpaka ukang'aa ndani kama kijiko cha padri. Akaujaza asali kutoka mizinga ya marehemu Mbuvi, asali ya mgunga, ya mwisho kuvunwa kabla ukame haujakaza. Na kwa kuwa Muthama alibeba mkebe mwingine wa oili wa namna ile ile, Syokau alichana kipande cha leso nyekundu akakifunga kwenye mshikio wa ule wa asali. Mikebe miwili ikakaa nyuma ya kiti, mabega yakigusana, mmoja na kitambaa, mmoja bila.

Msemaji wa posa alikuwa Muli, ndugu mdogo wa marehemu. Kuhusu Muli sitaongeza chumvi. Alikuwa mwanamume mzuri wa sura, mrefu wa kutosha, mwenye koti la kijivu na kofia yenye unyoya wa kanga, na mdomo ambao ungeweza kumwombea fisi kazi ya kuchunga mbuzi na akaipata. Wanawake wa pande zile walikuwa wakisikia jina lake tu, wanatafuta kioo.

Walitoka Ijumaa, wakapita Kibwezi na Mutomo, wakalala kwa jamaa Kitui mjini. Jumamosi asubuhi Muthama alikagua oili kama kawaida, huku Muli akimchokoza kutoka kitini.

"Mwanangu, hicho chuma unakitazama sana. Huyo msichana ukimtazama hivyo atakimbia."

"Alinitazama nikikitazama, baba mdogo. Hakukimbia."

Wakaondoka. Barabara ilikuwa nyekundu, na pande zote mbili miti haikuwa na jani hata moja, kama imesimama uchi inangoja kuitwa. Joto lilipanda kutoka ardhini kwa mawimbi, na mbele yao kila wakati kulikuwa na ziwa dogo la maji ya uongo linalorudi nyuma kila wanapolisogelea. Muthama aliendesha akiwa nusu ndani ya ziwa hilo. Injini ilikuwa inaimba sauti yake ya chini. Walipita Mwingi. Saa sita mchana, ikiwa imebaki safari isiyozidi saa moja kufika Kyuso, rejeta ikaanza kutoa mvuke, na Muthama akasimama kwenye tambarare karibu na mto wa mchanga.

"Naenda kuchota maji," alisema. "Usiguse kitu, baba mdogo."

Maji ya mto wa namna ile hayaonekani. Yako chini ya mchanga, unachimba, unangoja yajikusanye, unachota kwa kata. Na siku hiyo kisimani kulikuwa na kina mama watano mbele yake. Muthama akapanga foleni.

Huku nyuma, Muli alitazama viatu vyake. Vilikuwa vimejaa vumbi. Sasa niambie wewe, msemaji wa ukoo ataingiaje ukweni na viatu vyenye vumbi? Akatafuta kitambaa. Kitambaa pekee safi ndani ya gari lile kilikuwa kimefungwa kwenye mshikio wa mkebe. Akakifungua, akang'arisha viatu mpaka akaiona kofia yake ndani yake. Mpaka hapo hakuna kosa lolote ambalo mtu mwenye akili anaweza kulitaja.

Kisha huruma ikamwingia. Akasema moyoni, huyu kijana ana mengi kichwani, wacha nimsaidie. Akafungua boneti, akachomoa kijiti, akatazama. Kilikuwa karibu kikavu! Oili haikufika hata alama ya chini. Alishtuka, na nani asingeshtuka? Akachukua mkebe usio na kitambaa, maana yote miwili haikuwa na kitambaa, akachagua ule ulio karibu, akafungua kifuniko cha oili akamimina. Ikashuka uzi mmoja mzuri, mnene, usiokatika, mpaka Muli akajiambia, kweli huyu kijana anajua kununua oili.

Muthama alirudi na debe begani.

"Nimekusaidia," Muli akamwambia. "Ilikuwa imekauka kabisa. Ungeua gari."

"Ulingoja?"

"Kungoja nini? Kijiti si kijiti?"

Muthama akalitua debe. Alitia maji kwenye rejeta, akaketi kivulini kungoja mwenyewe. Akafumba macho nusu. Lakini matone hayakuja kama mbuzi. Kulikuwa na kitu bondeni, kizito, kimelala pale yanapolala yenyewe, na matone yalikuwa yanaelea juu yake yasijue pa kwenda. Akasikia mlio mwembamba. Alidhani uko ndani ya ndoto. Akafungua macho. Nyuki mmoja alikuwa anatembea juu ya kifuniko cha oili. Akaja wa pili.

Nyuki wana habari gani na oili?

Akachomoa kijiti. Kimo kilikuwa kimeipita alama ya juu, upana wa vidole viwili. Na kwenye ncha, chini kabisa, kulikuwa na kitu kinene chenye rangi ya chai. Akakiinua. Uzi ukashuka, ukashuka, ukafika kwenye bampa ukajikunja. Muthama akaugusa kwa ulimi.

Asali ya mgunga. Ya baba yake.

"Baba mdogo," akasema taratibu, "ulimimina kutoka mkebe gani?"

"Ule usio na kitambaa."

"Na kitambaa kiko wapi?"

Muli akatazama viatu vyake. Viatu vilikuwa vinang'aa sana.

Mbuzi mmoja alikohoa. Kisha Muli, ambaye hajawahi kukosa neno, akapata neno. "Piga stati twende. Ni asali tu, si mchanga. Itaungua njiani. Saa moja tu, mwanangu! Tukifika, hata gari likifa, limefia ukweni."

Na usifikiri Muthama hakutamani. Jua lilikuwa limeanza kuegemea. Lakini alijua asali ikipata moto inakuwa nini: kwanza maji, halafu gundi, halafu jiwe. Ingeng'ang'ana kwenye kila kinachozunguka, na injini ingekwama kabla ya kilima cha kwanza. Angebaki bila gari na bila Nzilani, katikati ya njia, mtu wa njiani hasa.

"Asali ni nzito kuliko oili," akasema, zaidi kwa nafsi yake. "Haziingiliani. Imelala chini. Itatoka kwanza."

Akaingia uvunguni na spana na ile sufuria mpya waliyombebea mama mkwe, akaifungua nati ya chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Asali ikaanza kutoka. Ilikuwa na joto la injini, lakini asali ni asali, haijui saa. Ilishuka kama alasiri yenyewe, uzi wa kahawia usio na mwisho, na Muthama akalala chali chini yake akiutazama, mchanga wa moto mgongoni, harufu ya maua ya mgunga ikichanganyika na ya chuma. Akamwona baba yake amesimama juu ya tawi, amejifunika moshi, anamwambia usiharakishe, mwanangu, ukiharakisha wanajua. Akamwona Nzilani amechuchumaa kando ya gurudumu. Kivuli cha gari kilikuwa kimeshamvuka kifua uzi ule ulipogeuka mweusi ghafla. Akaifunga nati papo hapo.

Hakutosheka. Ilibaki iliyong'ang'ania juu, kwenye dari. Akawasha moto wa vijiti, akaipasha nusu ya oili safi kutoka mkebe wa kweli, akaimimina polepole ndani ya injini kutoka juu ili ishuke na kila kilichobaki. Akangoja. Baba mdogo alizunguka gari mara arobaini, lakini Muthama alingoja dakika zake kumi, kisha akaifungua nati tena, akamwaga yote, akaichuja ile oili yake kwenye kanga aliyompelekea mama mkwe, akairudisha, akaongeza safi iliyobaki. Akachovya. Akavuta uzi. Akaweka ulimi. Ilikuwa chungu kabisa, uchungu mzuri wa chuma, hakuna utamu hata wa kusingiziwa.

Akapiga stati. Injini ikakohoa mara moja, ikaimba.

Walifika bomani kwa Mutiso jua likiwa limebakiza upana wa mkono juu ya kilima. Mutiso alikuwa ameketi nje, saa mkononi. Watu wa ukoo wake wamejaa. Nzilani alisimama mlangoni mwa jiko, hakuinua macho.

"Mmefika," Mutiso akasema, kama mtu anayelalamika. "Mbuzi nawaona. Asali iko wapi?"

Muli akavua kofia, akaanza. Na ilikuwa hotuba! Alianza na chui. Alikuwa ameshamfikisha chui juu ya pikapu, anaunusa mkebe, Muthama aliposogea mbele akamgusa bega.

"Hakuna chui, mzee. Asali iliingia kwenye injini. Tuliimimina sisi wenyewe, kwa makosa, ndipo nikasimama kuitoa. Sufuria ya mama ndiyo ile, imechafuka. Kanga yake pia. Sina zawadi. Nina mbuzi watatu, na gari lililofika."

Kicheko kilianza nyuma kikafa chenyewe, maana Mutiso hakucheka. Aliinuka, akaenda kwenye pikapu, akasema ifunguliwe boneti. Yeye naye alikuwa na mizinga, asali aliijua. Akanyoosha mkono kwenye kijiti.

Muthama akamshika mkono. Mkono wa mkwe, mbele ya ukoo mzima! Watu wakavuta pumzi.

"Ngoja, mzee," akasema. "Bado haijateremka."

"Jua linatua, kijana."

"Najua. Lakini ukichomoa sasa kitakudanganya."

Mutiso alimtazama. Akalitazama jua. Kisha, sijui ni nini kilichompata, akairudisha saa mfukoni, akaketi juu ya jiwe karibu na gurudumu. Na kwa kuwa yeye ameketi, wengine nao wakaketi. Boma zima likangoja. Chuma kilikuwa kinapoa, kinalia tik, tik, kimoja kimoja. Kilima kikawa cha zambarau. Kuku waliingia nyumba yao bila kufukuzwa, na moshi wa jiko ulipanda ukasimama wima hewani kana kwamba nao umeambiwa subiri. Nyayo zikasikika nyuma ya Muthama, nyepesi, zikakoma.

"Sasa imefika wapi?" Nzilani akauliza.

"Iko karibu nyumbani," akamjibu.

Jua lilipobakiza ukingo mwembamba kama ukucha, Muthama akatikisa kichwa kukubali. Mutiso akachomoa kijiti, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa. Oili ilikuwa imelala chini kidogo ya alama ya juu. Akavuta uzi kati ya vidole vyake vya mtu wa mizinga, uzi ukaenda, ukaenda, haukukatika. Akavipangusa vidole kwenye majani makavu.

"Teremsheni mbuzi," akasema. "Na wewe, kijana, mvua ikinyesha utakuja kutundika mzinga hapa kwangu. Asali yangu sitaiamini tena kwenye gari."

Ndivyo Nzilani alivyokuwa mke wa Muthama, na mwalimu wa Migwani alioa kwingine, akanenepa. Lakini kilichofuata jioni hiyo ndicho watu hawakiamini. Nyama ikiwa bado motoni, anga likawa jeusi kwa nyuki! Nyuki wote wa Kitui, elfu kumi kwa uchache, walikuwa wameifuata harufu ya pikapu kutoka mtoni. Watu wakatawanyika, Mutiso mwenyewe akaruka ua, na malkia wao, mkubwa kama kidole gumba, akatua kwenye unyoya wa kofia ya Muli. Muli hakutikisika. Alisimama peke yake katikati ya boma, koti limefungwa vifungo vyote, akainua mkono, akawahutubia wale nyuki kwa lugha tamu hivi kwamba elfu tano kati yao wakaanza kuli—

"Baba mdogo," Muthama akanikatiza, mkono wake ukiwa umeuzuia ukurasa niliokuwa nakusomea. "Nyuki walikuwa wanne. Na wewe ulikuwa ndani ya gari, vioo umepandisha."